Taa za Idd na Dhiil Iliyopotea

Jioni ya Idd mosi, Magharibi imeshaswaliwa na Isha bado, mtaa wa Bulla Iftin ulisikia ukelele wa mwizi kutoka nyumba ya Haji Guleid. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani anapiga ukelele huo. Haji Guleid alikuwa dalali katika soko la mifugo la Garissa, na sauti yake ilikuwa imezoea kuvuka zizi zima la ng'ombe bila kipaza sauti. Majirani waliokimbilia kwake walimkuta sebuleni, kanzu yake mpya imejaa masizi, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, na mbele yake lundo la mchanga alioumwaga kwa ndoo kuzima moto. Pazia la dirisha lilikuwa limeungua nusu. Ukuta wa kando ulikuwa mweusi hadi juu.

"Ameingia kwa dirisha!" alisema akihema. "Amechukua dhiil ya mama mkwe wangu, halafu ametia nyumba moto ili kuficha wizi wake. Siku ya Idd! Wallahi, siku ya Idd!"

Koplo Mumina Doyo alifika upesi, ladha ya halwa ikiwa bado mdomoni, maana zamu ya Idd kituoni huwa ni ya kula halwa na kutafutia wazazi watoto waliopotea sokoni. Alikuwa Mborana wa Wajir, mwembamba, mpole wa sauti, na mwenye tabia moja iliyowaudhi wakubwa wake: hakuweza kufunga faili ikiwa kuna jambo moja dogo lisilokaa sawa.

"Nani alikuwa nyumbani?" aliuliza.

"Hakuna mtu," alijibu Barwaqo, mke wa Haji. "Mimi na mama tulikwenda kuwapa jamaa mkono wa Idd. Baba watoto alikuwa msikitini. Mlango tulifunga. Taa za Idd tuliziacha zinawaka, wanaopita wasione nyumba giza."

"Wa kwanza kurudi?"

"Mimi," alisema Haji. "Niliona moshi kutoka barabarani. Nikafungua, nikazima. Dhiil haikuwepo tena."

Dhiil ni chombo cha maziwa. Husukwa kwa nyuzi za mizizi, kikashonewa ngozi na ukanda wa kubebea, na kupambwa kwa kauri. Wanawake hukifukiza kwa vijinga vya moto ili maziwa yapate ladha, na hukipaka samli ndani na nje kisivuje. Hii iliyopotea ilisukwa huko Ijara na bibi yake Barwaqo, mama yake Shurie, yule mama mkwe wa Haji ambaye wote walimwita Ayeeyo, yaani bibi. Ayeeyo Shurie alikuwa amekuja nayo kwa ajili ya sikukuu, ameipakata njia nzima kama mtoto mchanga, ili wajukuu waione. Ikawekwa juu ya kigoda cha mbao chini ya dirisha, mahali ambapo kila mgeni angeiona.

Bi kizee mwenyewe alikuwa chumba cha ndani, tasbihi mkononi. Mumina aliingia akamwamkia kwa Kisomali.

"Pole sana, Ayeeyo."

"Kitu ni kitu, mwanangu," alisema Ayeeyo Shurie, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. "Kuna mtu ameumia?"

"Haji ameungua mkono kidogo."

"Barwaqo! Mwambie mume wako apake asali."

Asingeweza kumwambia mwenyewe. Haji alikuwa hatua chache tu, nyuma ya ukuta, lakini katika miaka yote ya ndoa yake mkwe huyu hakuwahi kuketi chumba kimoja na mama mkwe wake. Ndiyo heshima ilivyo. Bi kizee akiingia mlango huu, Haji hutokea ule, na maneno yao yote hupitia kinywani mwa Barwaqo.

Mumina alirudi sebuleni, akapiga magoti kando ya kigoda na kukipangusa mchanga. Sehemu ya katikati ilikuwa imeungua mpaka ikatoboka, lakini kingo zake zilikuwa na masizi tu. Akafuata waya wa taa ukutani. Upande mmoja ulitoka kwenye soketi, upande wa pili ulishuka kutoka dirishani, na pande zote mbili zilikuwa zimekatwa kwa kisu. Kipande cha kati hakikuwepo.

"Haji, huu waya umeukata wewe?"

"Eeh... nilikata. Umeme na moto, ningefanyaje?"

"Vizuri. Na kipande cha kati kiko wapi?"

Haji aliangalia dari. "Huyo mwizi, afande. Mwizi haachi kitu."

Kabla Mumina hajauliza jingine, sauti ya mwanamume ilitoka kwenye umati mlangoni. "Muulizeni Ayanle! Ndiye aliyefunga hizi taa asubuhi. Na mimi nimemwona Magharibi amesimama hapo nje, karibu na hilo dirisha, peke yake."

Watu wakaguna. Haji Guleid, ambaye hadi hapo alikuwa na maneno kuliko redio, alinyamaza ghafla.

*

Ayanle alikuwa kijana aliyehitimu chuo cha ufundi, na Idd hiyo ilikuwa ya kwanza kwake kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Karibu nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa zimevaa taa zake. Juu ya hayo, nikahi yake na Idman, binti wa Maka, ilikuwa imepangwa Ijumaa. Nyumba ya Maka ilitazamana na ya Haji Guleid, barabara tu katikati.

Mumina alimhoji kituoni huku Inspekta, mkuu wa kituo, akisikiliza.

"Ulifunga taa gani?"

"Nyeupe, afande. Uzi mmoja tu, kuzunguka dirisha."

"Na adapta?"

"Hicho kiboksi cheusi nilikiacha sakafuni, kwenye vigae, peke yake. Nikamwambia Haji: hiki kinapata joto, kinataka hewa kama mtu. Usikifunike, usiongeze taa nyingine juu yake, na mkitoka nyumbani mzime. Huwa nawaambia wote. Wengine wananicheka, wananiita sheikh wa taa."

"Jioni ulirudi pale kufanya nini?"

Kijana akainamisha kichwa. "Nilikuwa nje. Sikuingia."

"Sijauliza kama uliingia. Nimeuliza ulikuwa unafanya nini."

"Hilo sisemi, afande."

Inspekta alicheka kwa pua. "Mtu anaonekana dirishani, nyumba inaungua, kitu kinapotea, halafu hasemi! Koplo, unataka nini tena? Mfungie. Kesho kutwa asubuhi anapelekwa mahakamani."

"Afande, mwizi wa dhiil atabeba kipande cha waya cha nini?"

"Utamwuliza hakimu."

Mumina alimfungia Ayanle kwa mkono wake mwenyewe, na ufunguo ule ulikuwa mzito mfukoni mwake. Alishawahi kuwafungia wezi. Wezi huuliza watatoka lini. Huyu aliuliza jambo jingine kabisa.

"Afande, zile nyumba nyingine, kuna mtu anaweza kupita kuwaambia wasilale na taa zinawaka?"

*

Asubuhi ya Idd pili, Mumina alirudi Bulla Iftin na kukuta mtaa unavuliwa taa. Watu walikuwa juu ya ngazi wakizing'oa kama mtu anayeng'oa magugu. Maka, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, alikuwa amekwisha kuzikusanya zake na kuzitupa kwenye banda la mbuzi.

"Karibu, walaal, ndugu yangu," alisema. "Lakini kama umekuja kumwombea yule kijana, chai itapoa. Akiwa si mwizi, binti nampa na dua juu. Akiwa mwizi, hata salamu yake sipokei. Binti yangu tangu jana analia, nami namwambia: afadhali kulia leo."

"Nimekuja kuuliza kuhusu jana. Uliona nini?"

"Kuona, sikuona kitu. Nilikuwa ndani. Lakini harufu nilisikia kabla ya ukelele. Samli! Samli inayeyuka kwenye moto, harufu mpaka hapa. Nikasema, lo, Barwaqo anapika mikate ya canjeero kwa samli na mimi jirani yake hajaniita! Nilikasirika, nikamwambia Idman kesho simsalimii."

"Samli. Una hakika?"

"Walaal, mimi nimekulia porini Bura. Samli utanifundisha wewe?"

Mumina alitabasamu. "Na zile taa zao zilikuwaje?"

"Asubuhi nyeupe, zimetulia, nzuri kama mwezi. Baada ya Adhuhuri zikawa nyekundu, kijani, buluu, mpaka juu ya lango, zinapepesa kama gari la wagonjwa. Nikasema Haji leo amefungua disko."

"Nani aliongeza?"

"Sikumwona. Si huyohuyo fundi?"

Mumina alivuka barabara. Barwaqo alimkaribisha jikoni, na jiko lenyewe lilikuwa limefagiliwa, baridi, bila jivu.

"Jana mlipika nini jioni?"

"Hatukupika kitu, walaal. Dada yake Haji alituletea sinia zima la wali na nyama ya ngamia tangu mchana. Jiko sijaliwasha toka juzi."

"Hata samli hukuyeyusha?"

"Ya nini?"

"Na taa za rangi nani aliziweka?"

Barwaqo aliwaza. "Mchana nililala kidogo. Nilipoamka nikazikuta. Nilifikiri Ayanle amerudi. Kwa kweli zilikuwa zimependeza, na hata zile nyaya mbaya zilizokuwa zimelala sakafuni hazikuonekana tena. Asubuhi nilikuwa nimelalamika kweli! Nilimwambia Haji, wageni watakuja kuangalia nyaya au watakuja kuangalia zulia langu?"

"Haji yuko wapi sasa?"

"Ametoka alfajiri. Tangu jana hakai. Na huzuni yake, walaal! Ungesema yeye ndiye aliyezaliwa Ijara."

Mumina aliaga, akasimama kivulini mwa ukuta. Samli bila jiko. Nyaya zilizokuwa sakafuni asubuhi, mchana hazionekani. Alihisi kwamba vitu hivi viwili vinajuana, ila havijasalimiana.

*

Mtu aliyefuata katika orodha ya kichwa chake alikuwa Awil, muuza vitu vya kale, mwenye kibanda kando ya barabara iendayo darajani. Kila mtu alijua Awil alikuwa ameiona dhiil ile ikishuka garini, na alikuwa amemwendea Barwaqo mara tatu akitaka kuinunua ili aiuze Nairobi. Mara ya tatu Ayeeyo Shurie alimfukuza kwa kiatu.

"Nilikuwa nakungoja, afande," alisema Awil, akiwa amezungukwa na mito ya mbao ya kulalia, kengele za ngamia na masanduku ya bati. "Nilijua mtakuja kwangu. Kitu cha zamani kikipotea Garissa, wa kwanza kuulizwa ni Awil. Kiatu kile bado kinaniuma hapa begani."

"Jana Magharibi ulikuwa wapi?"

"Dadaab, kwa dada yangu. Nimerudi leo asubuhi. Muulize dereva, muulize dada, muulize na ile kuku aliyonichinjia, mifupa bado iko."

Mumina alimpigia dada yake pale pale. Dada akathibitisha, akaongeza kwamba Awil alikula peke yake sehemu ya watu wanne.

"Basi nisaidie," Mumina alisema. "Kama kuna mtu ameileta dhiil hiyo kuiuza, utajua."

"Kuuza? Hakuna anayeuza. Ila kuna anayenunua." Awil alisogea karibu, akifurahia siri yake. "Leo, nikiwa bado ndani ya gari, nimepigiwa simu. Namba siijui. Mtu anataka dhiil ya zamani, haraka, na anaitaka iwe na mstari mmoja wa kauri na mfuniko wa ngozi nyekundu. Nikamwambia sina. Akaniuliza, je, mpya inaweza kufanywa ikawa ya zamani? Nikamwambia, ndugu yangu, hilo Mwenyezi Mungu hulifanya kwa miaka, mimi nitalifanya kwa siku?"

"Sauti uliitambua?"

Awil aliangua kicheko. "Alikuwa ananong'ona, maskini. Lakini sauti ya Haji Guleid, hata akinong'ona chini ya blanketi, mbuzi wa jirani wanasimama."

Mumina hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati akiangalia ndani ya dhiil moja ndogo, iliyopasuka, iliyoning'inia mlangoni. Aliitungua, akainusa. Moshi wa zamani, na mafuta. Mafuta yaliyonywewa na nyuzi miaka nenda miaka rudi. Kwao Wajir, mama yake hakukubali kabisa chombo kikuukuu kiwekwe karibu na mafiga. "Hicho si chombo tena," alikuwa akisema, "hicho ni utambi."

"Afande?" Awil aliita. "Mbona umekaa kama mtu aliyeona jini?"

"Nimeona kitu kizuri zaidi," alisema Mumina, akasimama.

*

Baada ya Alasiri, sebule ya Haji Guleid ilijaa. Ayeeyo Shurie aliketi kwenye mto mkubwa wa pembeni, Barwaqo kando yake. Maka alikuwa ameitwa kama shahidi, na alikuja amevaa kama aendaye harusini. Ayanle alisimama karibu na mlango, mikono mbele, askari mmoja nyuma yake. Mumina alikuwa amemwomba Inspekta saa moja tu, na Inspekta alimpa kwa sharti kwamba asimletee tena habari za waya.

Haji Guleid alibaki nje, barazani, kwa sababu ya mama mkwe wake. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na pazia lililobaki nusu lilimficha kuanzia kifua kwenda juu tu. Tumbo lake lilionekana vizuri.

"Mnanisikia wote?" Mumina aliuliza.

"Nakusikia, afande," lilisema tumbo.

Mumina aliweka kigoda kilichoungua katikati ya zulia, juu ya gazeti.

"Tumekuwa tukitafuta mwizi aliyeiba dhiil. Tuangalie kigoda chake. Tuseme mwizi aliichukua kwanza, ndipo akawasha moto. Basi kigoda kilikuwa kitupu, na moto ungekilamba juu kote sawasawa. Sivyo?"

"Ndivyo," alisema Maka, kana kwamba yeye ndiye anayehojiwa.

"Tuseme moto uliwaka kwanza, mwizi akaichukua baadaye. Basi pale dhiil ilipokaa pangebaki duara safi, kwa sababu palifunikwa. Lakini angalieni. Kingo hazikuungua. Katikati, pale pale dhiil ilipokaa, ndipo palipotoboka. Moto haukuifuata dhiil. Moto ulitoka ndani ya dhiil."

Tasbihi ya Ayeeyo Shurie ilisimama.

"Maka alisikia harufu ya samli, na jiko la nyumba hii lilikuwa baridi. Samli hiyo ni ya bibi yake Barwaqo, na ya Ayeeyo, iliyopakwa kwenye dhiil tangu haijazaliwa Garissa hii tunayoijua. Hakuna mwizi. Kitu tulichosema kimeibiwa ndicho kilichoungua."

"Lakini dhiil haijiwashi yenyewe," alisema Barwaqo.

"Haijiwashi. Ayanle, adapta uliiacha wapi?"

"Sakafuni, afande. Kwenye vigae."

"Na asubuhi Barwaqo alilalamika kwamba nyaya zinaharibu sebule. Alipolala mchana, mtu mwenye mapenzi na mke wake alitaka kumfurahisha. Akanunua sokoni nyuzi nyingine za taa, za rangi, akaziunganisha kwenye adapta ileile iliyopimiwa uzi mmoja. Halafu akatafuta mahali pa kuficha nyaya. Akaona chombo kizuri, kitupu, kipana, karibu na dirisha. Akakunja waya wote uliobaki, akautia ndani pamoja na adapta. Akafunika na mfuniko."

"Na mfuniko juu!" Ayanle alisahau kwamba alikuwa mfungwa. "Joto litoke wapi? Hapo hata mimi ningewaka!"

"Zikawaka hivyo mchana kutwa. Watu wakatoka, taa zikaachwa. Mwenyewe aliporudi kutoka msikitini alikuta dhiil inawaka kama kibatari na pazia limeshika moto. Akakata waya, akaibeba kwa ukanda wake wa ngozi ili aitoe nje, akamwaga mchanga." Mumina aligeukia dirisha. "Haji, naomba uingize mkono wako hapa."

Mkono mkubwa ukapita polepole chini ya pazia lililoungua, umepakwa asali. Katikati ya kiganja palikuwa na alama moja ya kuungua, pana kama ukanda, kutoka upande hadi upande.

"Anayevuta pazia linalowaka huungua vidole," Mumina alisema. "Huyu alishika ukanda wa moto. Haji, leo asubuhi ulimpigia Awil."

Tumbo lilishuka na kupanda.

"Wallahi nilikuwa nataka kusema," ilitoka sauti ya Haji Guleid, na kwa mara ya kwanza mtaa wa Bulla Iftin ulilazimika kutega sikio ili kumsikia. "Nilipoiona inawaka, akili iliruka. Nikajiuliza, nitamwambiaje mama? Mimi ambaye hata salamu naituma kwa mtu, leo nimtumie salamu kwamba nimechoma kitu cha mama yake? Aibu hiyo sikuiweza. Ndipo neno 'mwizi' likanitoka. Nilimaanisha mwizi asiye na jina, afande! Mwizi wa hewani. Halafu watu wakamtaja Ayanle."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nikasema moyoni, nitatafuta dhiil nyingine, niseme imepatikana, kijana atoke. Masalio yake sikuyatupa. Yako ndani ya gunia la chumvi ya mifugo, kwenye gari. Sikuweza kuyatupa."

Barwaqo alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, na haikujulikana kama analia au anacheka. Pengine vyote. Askari alitumwa garini, akarudi na fundo la kitambaa: kauri zilizopasuka kwa joto, ukanda mweusi wa ngozi, na donge la plastiki lililoyeyuka, waya zikitokeza kama mizizi.

Vyote viliwekwa mapajani mwa Ayeeyo Shurie. Alizishika kauri moja moja. Hatimaye alizungumza, na hakuzungumza kupitia kwa Barwaqo. Aliligeukia dirisha.

"Guleid."

Haji alishtuka hata pazia likatikisika. Hakuwahi kuitwa jina lake na mdomo ule.

"Naam, mama."

"Mama yangu alisuka hii. Mimi nimesuka nyingine tano maishani mwangu, na mikono bado ninayo. Dhiil husukwa, mwanangu. Jina la kijana wa watu utalisuka kwa nyuzi gani?"

Mkono wenye asali ukarudi nje ya pazia.

"Ulificha waya ili nyumba ipendeze, ikaungua. Ukaficha kosa ili uso upendeze, akafungwa mtoto wa mwenzako. Sasa nenda nyumba kwa nyumba. Kila aliyekusikia jana ukiita mwizi, akusikie leo. Na sauti unayo, alhamdulillahi."

Maka alicheka kwa nguvu, akajiziba mdomo kwa mkono.

"Kwanza atapita kituoni," Mumina alisema. "Kudanganya polisi ni kosa, Haji. Utaandika maelezo mapya, na Inspekta ataamua la kufanya nawe."

"Nitaandika. Hata nikifungiwa, nitaandika."

*

Inspekta alisoma maelezo mapya, akakuna kichwa, akamkemea Haji Guleid kwa muda mrefu hata halwa ya Idd ikakauka mezani. Alimpa onyo la maandishi, akasaini karatasi ya kumwachilia Ayanle, na hakumtazama Mumina machoni. Kwa Inspekta, hiyo ilikuwa pongezi kubwa.

Kabla ya Magharibi, watu wa Bulla Iftin waliona jambo ambalo wataliongea mpaka Idd ijayo. Haji Guleid, dalali mkubwa, alikuwa amebeba ngazi begani, Ayanle mbele yake na boksi la taa. Katika kila lango Haji alisimama, akapaza sauti.

"Enyi watu wa nyumba hii! Jana hapakuwa na mwizi! Mimi mwenyewe nilificha adapta ndani ya chombo cha samli, nikaifunika, nikatoka, nikaiacha inawaka! Ayanle alinikataza, sikusikia! Nisameheni, na taa zenu zirudisheni, lakini msifanye kama mimi!"

Watoto wakamfuata wakiigiza. Wanawake wakapiga vigelegele. Ayanle alipanda, akashuka, akaonyesha: uzi mmoja kwa adapta moja, adapta mahali pa wazi, mbali na pazia na zulia, waya usipite mahali pa kukanyagwa, mkitoka au mkilala mzime. Hakuna aliyemcheka safari hii. Nyumba moja ilimwomba arudie, mwenye nyumba akaandika kwenye simu.

Mumina aliwafuata kwa nyuma. Kesi ilikuwa imekwisha, lakini bado palikuwa na kile kitu kimoja kidogo kisichokaa sawa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Maka. Mama huyo alisimama langoni, mikono kiunoni. Haji akavuta pumzi ili aanze.

"Wewe nimekusikia tangu nyumba ya kwanza," Maka alimkata. "Shikilia ngazi yako. Ayanle, njoo hapa."

Ayanle alisogea, akainamisha macho.

"Polisi walikuuliza ulikuwa unafanya nini pale dirishani kwa Haji jioni ile. Hukusema. Ungesema, labda usingelala ndani. Kwa nini?"

Kijana akazidi kuangalia boksi lake la taa.

"Basi nitasema mimi, maana Idman ameniambia leo kwa machozi," Maka aliendelea. "Ulisimama pale kwa sababu kutoka pale unaona dirisha letu. Alikuwa amekupungia mkono wa Idd, nawe ukampungia. Basi. Hilo tu. Sasa nijibu, kwa nini ulikubali kufungwa?"

"Ningesema, habaryar, mama yangu, jina lake lingeandikwa kwenye faili ya polisi," Ayanle alisema polepole. "Jina lake na neno mwizi, kwenye karatasi moja. Mimi ni mwanamume, ningetoka. Karatasi haitoki."

Maka aliangalia barabara, akaangalia anga, akafuta pua kwa pembe ya mtandio. Mumina naye, nyuma ya Haji, aligundua kwamba anahitaji leso.

"Ijumaa," Maka alisema hatimaye, kwa ukali wa kujisaidia. "Baada ya sala. Uje na wazee wako mapema, na huyu Haji awe mmoja wao, maana sitaki mtu wa mtaa huu aseme hakusikia nikahi ikifungwa."